Safari ya barabara katika Jangwa la Namib

Safari ya barabara katika Jangwa la Namib ni safari ya gari katika magharibi ya Namibia. Huanzia Sesriem, ndani ya jangwa, na kuishia katika miji ya Walvis Bay na Swakopmund kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki. Njia yote ina urefu wa kilometa 350 hivi. Sehemu yake kubwa hupita ndani au kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Namib-Naukluft, ambayo ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa za Afrika.

Wasafiri wengi hutumia gari la kukodi lenye hema juu ya paa, au kombi iliyowekewa kitanda na jiko. Kwenye ramani umbali huu unaonekana mdogo, lakini karibu yote ni barabara ya changarawe, na vituo vya mafuta na maji viko mbalimbali sana.

Bahari iliyozaa jangwa

Watu wengi hushangaa kuona jangwa linalogusana na bahari. Sababu ni bahari yenyewe. Mkondo wa Benguela huleta maji baridi kutoka kusini na kupita karibu na pwani. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa, haipandi juu, na kwa hiyo haifanyi mawingu ya mvua. Swakopmund hupata mvua isiyofikia milimita 20 kwa mwaka wa kawaida.

Hata hivyo, hewa hiyo hiyo baridi hufanya ukungu, ambao husukumwa na upepo hadi makumi ya kilometa ndani ya nchi. Viumbe vingi vya Namib huishi kwa unyevu huo. Kuna aina ya mbawakawa anayepanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, akainamisha kichwa na kuinua mgongo kuelekea upepo. Matone ya ukungu hushika mwilini mwake na kutiririka hadi mdomoni. Hivyo bahari inayolinyima jangwa mvua ndiyo pia inayolinywesha.

Sesriem na Sossusvlei

Jina Sesriem ni la Kiafrikana na maana yake ni "kanda sita". Inasemekana wasafiri wa zamani walihitaji kuunganisha kanda sita za ngozi ili ndoo ifike kwenye maji yaliyo chini ya korongo la mto Tsauchab.

Kutoka lango la Sesriem kuna barabara ya lami ya kilometa 60 kuelekea Sossusvlei, kati ya vilima vya mchanga mwekundu. Kimojawapo huitwa Dune 45 kwa sababu kiko kilometa 45 kutoka langoni. Mwisho wa lami kuna kilometa tano hivi za mchanga mzito. Hapo kombi ya kawaida haipiti. Dereva huiacha kwenye maegesho, kisha huendelea kwa miguu au hupanda gari la hifadhi linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wanaojaribu kupita kwa gari lisilofaa mara nyingi hukwama.

Karibu na hapo ni Deadvlei, uwanda wa udongo mweupe wenye mashina meusi ya migunga. Zamani maji ya Tsauchab yalifika hapo, kisha vilima vya mchanga vikaziba njia yake. Miti ilikufa miaka 600 hadi 700 iliyopita, lakini haijaoza kwa sababu hewa ni kavu mno. Mwaka 2013 eneo la mchanga wa Namib liliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Kutoka Solitaire hadi mto Kuiseb

Solitaire, kilometa 80 hivi kutoka Sesriem, ni kituo kidogo chenye mafuta, duka na mkate. Madereva hujaza tangi hapo hata kama halijaisha, kwa kuwa Walvis Bay iko mbele kwa zaidi ya kilometa 200. Barabara ya C14 kisha huvuka mstari wa Tropiki ya Kaprikoni na kushuka katika makorongo ya mito Gaub na Kuiseb.

Mto Kuiseb hauna maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini kazi yake ni kubwa. Upande wa kusini kuna bahari ya mchanga. Upande wa kaskazini kuna uwanda wa changarawe. Mafuriko yanapokuja huzoa mchanga ulioingia mtoni, na hivyo vilima havivuki kwenda kaskazini. Kandokando ya mto huishi Watopnaar, ambao huvuna nara, aina ya tikiti la mwituni lenye miiba. Maji yaliyo chini ya mchanga wa Kuiseb huvutwa kwa visima kwenda mjini Walvis Bay.

Walvis Bay

Walvis Bay ni bandari kuu ya Namibia. Uingereza iliitwaa mwaka 1878, kabla Wajerumani hawajalitwaa eneo lote la jirani. Baadaye ikawa chini ya Afrika Kusini, na Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 bandari hii haikurudishwa. Ilirudishwa tarehe 1 Machi 1994. Kando ya mji kuna wangwa wenye maelfu ya heroe na ndege wahamaji.

Swakopmund

Kutoka Walvis Bay, barabara ya lami ya kilometa 35 hivi hupita kati ya bahari na mchanga hadi Swakopmund. Kwa kuwa Waingereza walishika bandari nzuri, Wajerumani walianzisha mji huu mwaka 1892 wapate mahali pa kuteremshia askari na mizigo. Majengo ya wakati huo bado yapo na hupigwa picha sana.

Picha hizo hazionyeshi historia yote. Kati ya mwaka 1904 na 1908 jeshi la Kijerumani liliwaua Waherero na Wanama kwa maelfu. Wengine walifungwa katika kambi, mojawapo hapa Swakopmund, wakalazimishwa kufanya kazi, na wengi wakafa kwa njaa, baridi na maradhi. Makaburi yao yasiyo na majina yako pembeni mwa makaburi ya mji. Ni miaka ile ile ya Vita vya Maji Maji katika Tanganyika, iliyokuwa chini ya dola hiyo hiyo. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba matendo hayo yalikuwa mauaji ya kimbari.

Usalama wa safari

Magari huenda upande wa kushoto, kama Tanzania na Kenya. Hatari kubwa kwenye changarawe si kugongana, bali gari kupinduka lenyewe. Dereva akienda kasi, magurudumu huelea juu ya kokoto. Akikata usukani au kukanyaga breki ghafla, gari humshinda. Kombi, kwa kuwa ni ndefu kwenda juu, hupinduka kwa urahisi zaidi. Madereva wazoefu hawazidi kilometa 80 kwa saa, hupunguza upepo wa matairi kidogo, na hubeba matairi mawili ya akiba.

Maji ya kunywa hubebwa ya kutosha kwa siku nzima ya kukwama, kwa sababu simu haishiki mtandao katika sehemu nyingi. Usiku haifai kuendesha, kwani choroa na wanyama wengine huvuka barabara. Kulala hifadhini huruhusiwa tu katika kambi zilizotengwa. Pia hairuhusiwi kuacha barabara na kukanyaga uwanda wa changarawe: alama za magurudumu hubaki kwa miongo mingi, na kuvu-mwani anayeishi juu ya ardhi kwa kunyonya ukungu hufa.