Mawe ya mtoto ni ngamia: Kwa nini mchezo wa kujifanya si upuuzi

UKIMPITA mtoto wa miaka minne chini ya mgunga kule Garba Tulla au Merti, huenda ukamkuta amejenga boma la vijiti na kulijaza mawe. Jiwe kubwa ni ngamia, yale madogo ni mbuzi, na kopo kuukuu ni kisima. Mzazi mwenye pupa ya kumwona mwanawe akisoma humkemea aache upuuzi, ashike kalamu.

Kumbe mchezo huo wa kujifanya, ambao watoto wa mijini huuita kalongolongo, ndio unaomwandaa kuishika kalamu hiyo.

Mtoto anaposema jiwe ni ngamia, anakubali kwamba kitu kimoja chaweza kusimama mahali pa kingine. Kusoma nako ni vivyo hivyo. Herufi ni mchoro unaosimama badala ya sauti. Tarakimu 5 si mbuzi watano, bali ni alama yao. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alieleza kuwa uwezo huu huchipuka mtoto anapokaribia miaka miwili. Lev Vygotsky wa Urusi naye alitoa mfano, mwaka wa 1933, wa kijiti ambacho mtoto hukigeuza farasi.

Faida ya pili ni kujizuia. Aliyepewa nafasi ya mgonjwa hulala kimya, ingawa miguu yamwasha kukimbia. Ya tatu ni lugha. Mjini Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru huishi pamoja, watoto wanaocheza dukani pa kujifanya hawana budi kutafuta maneno ya kuelewana, na mara nyingi hukutania kwenye Kiswahili.

Wasamburu walilijua hili kitambo. Katika loipi, yaani kivulini, akina nyanya hulea watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo wakati mama wamekwenda kuchota maji. Miaka ya 1990 desturi hiyo ilifanywa msingi wa vituo vya malezi ya watoto wa wafugaji.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unautambua mchezo kuwa njia ya kujifunza. Hata hivyo, wapo watoto wanaoshinda wakikariri ubao.

Mzazi afanyeje? Hahitaji kununua chochote. Aketi chini robo saa, apokee nafasi anayopewa na mtoto, kisha aulize: “Mbuzi wanane walitoka asubuhi, mbona wamerudi saba?” Hapo hesabu imeanza. Asisahihishe kila neno, wala asiuteke mchezo ukawa wake.

Kuna jambo moja zaidi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana, uliwafilisi wafugaji wengi wa kaskazini mwa Kenya. Mtoto akicheza mifugo inayokufa au watu wanaohama, asikemewe kwamba anabashiri mabaya. Asikilizwe. Yasiyomtoka kwa maneno huenda yakamtoka kwa mawe. Akirudia kisa hicho kila siku kwa hofu isiyopungua, apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Kwa hivyo, kabla ya kuyatawanya mawe hayo kwa mguu, uliza kwanza ni mifugo ya nani.