Terragni: Ufundi Mkubwa, Utumishi Mbaya

Giuseppe Terragni alikuwa msanifu majengo hodari, na aliufuata ufashisti kwa hiari yake. Jengo lake maarufu, Casa del Fascio mjini Como, Italia, lililokamilika mwaka 1936, lilikuwa makao ya tawi la mji huo la chama cha kifashisti cha Mussolini. Milango yake ya vioo ilifunguka kwa pamoja kwa umeme, ili wanachama wamiminike uwanjani. Wapo wanaodai kwamba sanaa haina siasa. Hoja hiyo haisimami: uwazi wa vioo vile uliupamba utawala uliowafunga wapinzani wake. Hata hivyo, kulibomoa jengo kusingefuta uovu huo. Terragni alifariki mwaka 1943, baada ya kurudi mgonjwa kutoka vitani Urusi. Wasanifu wajifunze ufundi wake, lakini wasiache kumtaja bwana aliyemtumikia.