Umeme wa Jua Kutoka Angani: Nani Atalipa Nauli?



Katika mikutano yetu ya Arua na Koboko tumeulizwa kama ni kweli wataalamu wanataka kuvuna umeme wa jua huko angani. Ni kweli. Peter Glaser wa Marekani alitoa wazo hilo mwaka 1968. Setelaiti kubwa ikae juu ya mawingu, ambako jua huwaka karibu saa zote. Igeuze mwanga kuwa mawimbi, na kituo cha duniani kiyapokee na kuyafanya umeme.

Jua halina bei, lakini mzigo una nauli. Sisi wa West Nile twalijua jambo hili. Kabla ya gridi ya taifa kufika Arua mwaka 2024, tulitegemea jenereta za mafuta yaliyoletwa kwa malori kutoka mbali, na tangu 2012 maji ya mto Nyagak, megawati 3.5 tu. Mafuta yakichelewa, mashine zilisimama. Mwajiri mmoja aliwarudisha wenzetu nyumbani bila ujira wa siku hiyo.

Hesabu ya angani ni hiyo hiyo. Mwaka 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, lilipima mitambo miwili ya namna hii. Yuniti moja ingegharimu senti 61 za dola kwa mtambo wa kwanza, na dola 1 na senti 59 kwa wa pili. Umeme safi wa ardhini ulikadiriwa senti 2 hadi 5. Zaidi ya theluthi mbili ya gharama ni kupandisha vifaa kwa roketi, safari zaidi ya 2,000 kwa mtambo mmoja.

Na moshi je? Kila yuniti ingetoa gramu 26 hadi 40 za gesi inayopasha dunia joto. Ni kidogo sana kuliko jenereta ya dizeli, na unakaribiana na ule wa umeme safi wa ardhini. NASA ilisema pia kwamba nauli ya roketi ikishuka sana, hesabu yaweza kubadilika.

Basi tukiahidiwa umeme mpya, tuulize: yuniti ni bei gani mpaka kiwandani? Moshi wa safari umehesabiwa? Na umeme ukikatika, ujira wa siku hiyo unalipwa na nani? Jibu la swali hili la mwisho tulidai liandikwe katika mkataba wetu na mwajiri.

Umoja ni nguvu.