Pombe Kali Haioshi Mshikaki

Swali ni lilelile, awe mgeni ametoka Kigoma, Nairobi au Bukavu: "Mzee, nikishakula mishikaki ya Bujumbura nishushie na nini kikali ili niue vijidudu?" Wengine hata hawaulizi. Wanafika na chupa ndogo ya konyagi au waragi mfukoni, na kila baada ya sahani wanapiga funda moja, wanakunja uso na kutulia kama waliochanjwa.

Hakuna kinachokufa, na mahesabu yake hayahitaji maabara. Kilevi kinachosafisha mikono hospitalini kina nguvu ya asilimia 60 hadi 80, nacho kinagusa ngozi tupu isiyo na chakula wala mafuta. Chupa yako ya mfukoni ina asilimia 40 ikiwa ni kali kwelikweli. Tuseme umekunywa mililita 50: hapo kuna mililita 20 tu za kilevi chenyewe. Zinamwagikia tumboni palipo na nyama, ndizi za kuchoma, mchuzi na, tukisema ukweli, Primus kubwa ya sentilita 72. Changanya vyote hivyo, uhesabu na kilevi cha bia, hufikii hata asilimia 5. Tena tumbo halikai kimya likisubiri dawa ifanye kazi: kilevi kinaanza kuingia kwenye damu mara moja, vijidudu vinabaki na chakula na kuteremka kwenye utumbo.

Hapo atatokea msomi mmoja anitajie chaza wa Florida. Naam, nawajua. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu waliokula chaza wabichi huko na kupata homa ya ini aina ya A. Waliokuwa wakinywa vinywaji vyenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi walionekana kuugua kwa uchache kuliko wenzao. Ni mlipuko mmoja, kirusi kimoja, chakula kimoja, na kinywaji kilikwenda sambamba na chakula. Kutoka hapo hadi kumwandikia mtu dozi ya waragi baada ya nyama ya mbuzi ni safari ndefu, na wanaonitajia chaza hao hawajawahi kunitajia utafiti wa mwaka 1985 kuhusu barafu. Watafiti wa Texas waligandisha bakteria wa kuharisha ndani ya barafu, wakaiyeyusha kwenye soda, kwenye wiski iliyochanganywa na soda, na kwenye tekila. Bakteria walitoka hai hata kwenye tekila. Kwa hiyo mgeni anayeagiza wiski yenye barafu "kwa usalama" huenda ameongeza kile alichokuwa anakikimbia.

Kuna jambo baya zaidi ya kutofaa, nalo ndilo linaloniudhi. Imani hii inamfanya mtu aache kutazama. Nyama ikiletwa nyekundu katikati anaila, maana dawa anayo mfukoni. Nyama ya mshikaki imekatwakatwa, imeshikwa na mikono, kisha imetobolewa na chuma: uchafu uliokuwa juu sasa uko ndani. Kinachouua ni moto ufikao katikati ya nyama, nyuzi 70. Kwa nguruwe hakuna mjadala kabisa. Tegu wa nguruwe yupo Burundi, na lava wake aliyelala ndani ya mnofu usioiva hajui konyagi ni nini. Na kile kifafa kinacholetwa na tegu huyohuyo kinatokana na mayai yake, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu na kufika mdomoni kwa mikono au kachumbari isiyooshwa vizuri. Unaweza kukipata hata kama hujawahi kuonja nguruwe maishani. Nioneshe glasi inayozuia hilo.

Vidonge vya Flagyl "vya kujikinga" navyo viacheni. Vinafaa kwa amiba na jiadia, kwa kipimo na kwa siku zilizopangwa; kwa kipindupindu havifai, kwa salmonela havifai.

Sasa adabu za mezani, haraka, maana ndizo mlizopaswa kuuliza. Ukiketi utaulizwa kinywaji kwanza, na bia utaulizwa kama unaitaka ya baridi au ya kawaida. Zote mbili hunywewa, usicheke. Chupa hufunguliwa mbele yako. Ikija imefunguliwa, irudishe, hakuna atakayekasirika. Chakula kinachelewa kwa sababu kinachomwa baada ya wewe kuagiza, kwa hiyo usimharakishe mchomaji. Ukimbana atakuletea mbichi. Ukiona mishikaki iliyokwisha kuiva inakusubiri pembeni, imepoa, agiza mingine. Mukeke, samaki ambaye watu wa Kigoma mnamwita mgebuka, huchomwa mzima: funua karibu na mfupa, nyama iachie yenyewe. Ndagala, yaani dagaa, waliokaangwa moto moto ni chakula salama kuliko saladi yoyote mezani. Chipsi huja na mayonezi. Ikiwa chombo kimeshinda juani, kula chipsi zako na chumvi. Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kugusa sahani ya pamoja, hata kama wenzako wamekwishaanza. Migahawa ya Waislamu kule Buyenzi haina pombe, usiulizie. Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja za maendeleo, usitegemee kupata kifungua kinywa mapema. Beba faranga taslimu.

Ukialikwa harusini huenda ukaletewa chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mrija unaopita kinywa hadi kinywa. Kuukataa kwa uso uliokunjamana ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Omba mrija wako mwenyewe, mara nyingi utaupata. Ukikosa, pokea kwa mikono miwili, ushukuru, umpe jirani yako. Pombe ya mtama haisafishi mrija pia, kabla hujaniuliza.

Na ukiharisha: maji yaliyochanganywa na chumvichumvi za dukani, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, unywe kila unapotoka chooni. Pombe usiiguse, inakukausha zaidi. Homa au damu, nenda kituo cha afya. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, nenda usiku huohuo. Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Bujumbura tarehe 1 Januari 2023, na ugonjwa huo si mgeni ufukweni mwa Tanganyika. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa kwa saa chache kwa kupungukiwa maji tu.