Kiharusi kimeingia nyumbani: mchango wa ndugu uende wapi kwanza

Mgonjwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Mkono na mguu wa upande mmoja havisogei, ulimi ni mzito, na kikundi cha familia kimechanga mpaka shangazi wa Tanga ametuma chake. Ndani ya siku mbili pesa hiyo itapata wanaoitaka: mwenye kiti mwendo cha kuuza, mwenye dripu ya kusafisha mishipa, mwenye mafuta ya kuchua, mwenye kopo la virutubisho. Kabla hujamjibu yeyote, chukua kiasi kilichopo ukigawe kwa sita.

Sita ni miezi. Miezi ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha nguvu kwa kasi zaidi, ingawa mtu huendelea kupata nafuu hata baada ya hapo. Nyumba nyingi hapa Bagamoyo, kuanzia Mapinga hadi Makurunge, humaliza mchango kabla ya mwezi kwisha, kisha mgonjwa anabaki na kiti kizuri, hana dawa ya presha wala mtu wa kumrekebisha mazoezi. Kiharusi ni safari ndefu, na nauli yake hulipwa kituo kwa kituo.

Anza na dawa. Hakuna kitu katika orodha hii chenye bei ndogo na faida kubwa kama kidonge cha presha kinachomezwa kila siku bila kuruka. Aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari kubwa ya kupata cha pili, na presha ndiyo inayoongoza kukileta. Dawa za kawaida kama amlodipini na losatani hutengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo boksi mbili zenye dawa ileile na miligramu zilezile zinaweza kupishana bei sana. Mwambie mfamasia: "Nipatie ya bei nafuu, jina la dawa lilelile, kipimo kilekile." Ukifanya hivyo hujapunja mgonjwa.

Gharama iliyojificha haimo ndani ya kidonge. Iko kwenye nauli na ada ya kumwona daktari kila dawa inapoisha. Mwombe daktari akuandikie ya miezi miwili au mitatu presha ikishatulia. Kununua vidonge kumi leo na vingine ukipata pesa ndiko kunakozaa wiki ya bila dawa, na wiki hiyo ndiyo hatari.

Aspirini usiinunue kwa ushauri wa jirani. Kuna kiharusi cha damu kuganda na kuziba mshipa, na kuna cha mshipa kupasuka. Aspirini humsaidia wa kwanza na inaweza kumdhuru wa pili, na kwa kumtazama tu hutawatofautisha. Kipimo cha CT ndicho kinachoonyesha, na ndiyo maana sikihesabu kuwa ni anasa. Kama bado hakijafanyika, kitafutie pesa kabla ya kifaa chochote cha nyumbani.

Mashine ya kupimia presha nayo inafaa, ila chagua ya kufunga kwenye mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Ijaribu dukani kwenye mkono wa mtu mwenye mwili kama wa mgonjwa: kitambaa kikiwa kidogo kitadanganya kwa kuonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Uliza inatumia betri za aina gani na kama ina nafasi ya waya wa umeme, maana betri zitakugharimu mwaka mzima. Nyumba mbili jirani zinaweza kununua moja. Kama zahanati iko karibu na wanapima bila malipo au kwa malipo kidogo, daftari la shule la kuandikia namba litatosha kwa sasa.

Sasa mazoezi ya viungo, ambako pesa nyingi huenda. Wengi hulinganisha ada tu, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Tuseme kipindi kimoja hospitalini ni Sh 10,000, bajaji kutoka Kaole kwenda na kurudi ni Sh 12,000, na kijana anayembeba mgonjwa anaacha kibarua cha Sh 10,000. Siku hiyo imekula Sh 32,000. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayekuja nyumbani kwa Sh 25,000, aliyeonekana ghali, amekuwa nafuu. Bei hizi ni za mfano. Weka za kwako, lakini usiache kuhesabu nauli na kibarua.

Kwa mfano huohuo, Sh 450,000 hununua vipindi 18. Unaweza kuvimaliza kwa wiki sita, mara tatu kwa wiki. Au unaweza kuchukua vinane mwezi wa kwanza, kisha viwili kila mwezi kwa miezi mitano. Mimi ningechukua njia ya pili, kwa sharti moja lisilo na mjadala: kila fizio akija, amfundishe mtu wa nyumbani mazoezi ya siku zinazofuata, na yafanyike kila siku, asubuhi na jioni. Kama nyumbani hakuna mtu wa kuyasimamia, chukua njia ya kwanza, kwa sababu ya pili bila mazoezi ya kila siku ni pesa iliyotupwa.

Usijidanganye pia kwamba familia inaweza kila kitu peke yake. Utafiti mkubwa wa India, uliohusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 na kuchapishwa mwaka 2017, ulijaribu kuwafundisha ndugu ili wasimamie mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita wagonjwa wao hawakuwa bora kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jicho la aliyesomea bado linahitajika, hata kama ni mara mbili kwa mwezi. Haraka nayo ina madhara: utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mara nyingi sana ndani ya saa 24 za mwanzo kunaweza kupunguza nafuu yake. Siku ya kuanza ipangwe na wauguzi, si na mjomba mwenye haraka.

Kumjua fizio wa kweli si kazi ngumu. Muulize amesomea wapi. KCMC ya Moshi ni kati ya vyuo vinavyofundisha fani hii. Aliyesomea atampima mgonjwa kabla ya kumgusa: atamwambia akae, ainue, asukume, ameze mate. Anayeanza kuchua kwa mafuta dakika ya kwanza na kutaka pesa ya mwezi mzima mbele, mwache aende. Kuchua kunampa mgonjwa raha, sikatai, lakini mguu hujifunza kutembea kwa kutembea. Na asiruhusiwe mtu kumvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza: bega hutenguka, na hapo umenunua ugonjwa mwingine.

Mkono una mazoezi yasiyo na bei, na pwani yetu imejaa. Bibi aliyekuwa akisuka ukili apewe ukili, hata kama mkono mzima ndio unaoongoza na ule mgonjwa unashikilia tu. Mvuvi apewe wavu wa kushona. Kuchambua mchele kwenye ungo, punje moja moja, ni kazi ya vidole zaidi kuliko mpira wa kubonyeza wa dukani.

Kiti mwendo ndicho kinachotamaniwa na kila familia, na mara nyingi hununuliwa mapema mno. Mgonjwa ambaye angesimama baada ya wiki chache hukalia kiti mpaka mguu unasahau. Uliza fizio kwanza: atatembea? Akisema ndiyo, azima au kodi. Kama ni lazima ununue, chuchumaa uangalie magurudumu ya mbele. Yale madogo, membamba, ya plastiki ngumu yametengenezewa sakafu ya hospitali. Yapitishe kwenye mchanga wa Dunda au njia za Mlingotini na yatazama hatua ya tatu, na mgonjwa ataanguka kifudifudi. Tafuta gurudumu la mbele pana, na la nyuma linalofanana na la baiskeli, ambalo fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuliziba. Hewa ya chumvi hula vyuma haraka, hivyo kiti cha mtumba chenye kutu kwenye breki na kwenye maungio hakina unafuu wowote.

Fimbo ni hesabu nyingine. Ya aluminiamu yenye tundu za kurefusha hudumu na haishiki kutu; ya mbao kwa fundi seremala ni rahisi na imara, ila haibadiliki urefu. Mpime mgonjwa akiwa amesimama na viatu: kichwa cha fimbo kifike usawa wa kifundo cha mkono. Raba ya chini ndiyo sehemu inayokwisha. Nunua mbili za akiba siku hiyohiyo. Kwa kujifunza kutembea, mirunda miwili iliyolazwa kwenye nguzo fupi uani, mgonjwa akapita katikati ameshika kulia na kushoto, hufanya kazi ya vyuma vya hospitali. Ipigwe randa vizuri, vibanzi vikimwingia kwenye mkono usio na hisia hatavisikia.

Kama unyayo unaning'inia na kukwaruza chini, usinunue kifaa cha mguu kwa kukisia saizi. CCBRT, Msasani, wana karakana ya vifaa vya viungo vinavyotengenezwa kwa kipimo cha mtu. Safari ile moja ni bora kuliko kifaa cha dukani kitakachomtoa kidonda.

Nyumbani, pesa inayovuja bila kuonekana ni pampasi za wakubwa. Zidishe bei ya moja kwa nne kwa siku, kisha kwa siku thelathini, utashtuka. Mfundishe mgonjwa ratiba: kila baada ya saa mbili au tatu apelekwe kujisaidia, awe amebanwa au la, na pampasi zibaki za usiku. Mwambie seremala atoboe kiti imara cha mbao chenye mikono, ndoo ikae chini yake. Kiti cha plastiki usikitoboe. Miguu yake hufunguka mtu mzito akiegemea upande mmoja.

Godoro la hewa linalotumia umeme lina faida, ila linakula uniti za LUKU usiku na mchana na umeme ukikatika linalala. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili hakuna bei na hakuna godoro linalochukua nafasi yake. Kitanda cha kamba kilicholegea kifungwe upya au kiwekwe kando; mgonjwa akizama katikati hageuziki.

Chakula nacho kina akiba ndani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Mji wetu una mashamba ya chumvi pale Nunge, na ng'onda na papa mkavu ni mboga ya bei nafuu, lakini kwa mgonjwa wa presha kipande kimoja kimeshabeba chumvi ya siku. Samaki mbichi mdogo, hata wa fungu, ndiye wa kumnunulia. Na kabla hajala chochote, aketi wima, anywe maji kidogo kidogo. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, simamisha, uliza hospitali. Chakula kikiingia mapafuni gharama itakuwa ya kulazwa upya.

Kuhusu mganga, nasema bila kumkosea mtu heshima. Watafiti waliozungumza na watu wa Dar es Salaam, wakachapisha mwaka 2008, walikuta wengi wakihusisha kiharusi na mashetani, na hivyo kuanzia kwa waganga. Dua na sala hazina bei, fanyeni. Lakini ubani, kuku, shuka na ada ya kila awamu hazina mwisho unaojulikana mapema, na siku zinazopotea huko hazirudi. Dripu za kusafisha mishipa na makopo ya virutubisho nayaweka kundi hilohilo: hayazuii kiharusi cha pili, na kopo moja aghalabu lingelipia dawa ya presha ya miezi.

Kabla ya kulipa chochote hospitalini, uliza mambo mawili. La kwanza ni bima: kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imebadilisha mpango, hivyo uliza kiwango cha sasa, na uliza waziwazi kama mazoezi ya viungo na CT vimo. La pili ni msamaha: mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Nenda serikali ya mtaa uchukue barua, kisha umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kufika dirisha la malipo, si baada.

Bakisha sehemu ya mchango isiyoguswa: nauli ya dharura kiharusi kikirudi. Ugonjwa huu si wa nadra. Uchunguzi uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta, umri ukishasawazishwa, wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo lililochunguzwa Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Uso ukipinda, mkono ukishuka wenyewe, maneno yakikorogeka, usingoje kukuche. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na haitolewi bila CT. Kutoka Bagamoyo hadi Muhimbili ni kilometa zipatazo 70, na foleni ya kuanzia Tegeta unaijua.

Kwa hiyo elewana leo na dereva mmoja wa teksi au bajaji kuhusu bei ya usiku, namba yake ibandikwe ukutani. Bodaboda haifai, mgonjwa hawezi kujishika. Mtu mmoja atangulie kupiga simu kuuliza kama mashine ya CT inafanya kazi hospitali mnayokwenda. Na andika kwenye karatasi saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Daktari ataiulizia mapema sana, na matibabu yataamuliwa kwa saa hiyo.