Kamyoneti ikihamishwa moteri, kwa nini inainua pua?

Ukikaa mbele katika taxi-bus ya Toyota HiAce unasikia joto chini ya kiti. Hapo ndipo moteri ilipo. Shofere wengi wanauliza: moteri ikisukumwa tena nyuma, katikati ya gari, kuna faida gani?

Wamarekani walishajaribu. Mwaka 1964 kiwanda cha Dodge kilitoa kamyoneti ndogo ya A100, pua bapa, moteri ndogo ya silinda sita kati ya shofere na abiria. Watu wa Dodge wakachukua moja, wakaikata ukuta wa nyuma wa kabini na sehemu ya mizigo, wakaweka pale moteri Hemi ya litre 7, nyuma ya viti lakini mbele ya magurudumu ya nyuma. Wakaiita Little Red Wagon. Ilikuwa ya mashindano ya mbio fupi, barabara iliyonyooka.

Hesabu yao ilikuwa hii. Tuseme gari iko na mita 2,5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na moteri iko na kilo 200. Ikikaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, hayo yanabeba kilo zote 200. Ikikaa katikati, kila upande unabeba 100. Ikikaa sentimita 50 tu mbele ya magurudumu ya nyuma, mbele inabaki na kilo 40, nyuma inabeba 160. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, basi yakikandamizwa hivyo yanashika chini vizuri, hayateleze.

Lakini kumbe walipita kipimo. Walipokanyaga mafuta, pua ikapanda juu na kamyoneti ikakimbia kwa magurudumu mawili! Kwa mashindano ilikuwa kasoro. Shofere wake, Bill Golden, akaigeuza kuwa maonyesho, na kwa miaka mingi watu wakalipa kuja kuiona. Shida ni moja: magurudumu ya mbele yakiwa hewani, volani haifanye kazi. Ndiyo sababu magari ya maonyesho ya namna ile yanaongozwa kwa freni za nyuma, kila upande na yake.

Tena, kuhamisha moteri si kufungua bulon na kufunga pengine. Kardani inakuwa fupi na inapinda zaidi, inachakaa mbio. Mipira ya maji inakuwa mirefu kama radiateri inabaki mbele. Ukuta wa chuma unatakiwa kati ya mgongo wa shofere na moto. Ressort na freni zinapimwa upya, sababu uzito umehama. Mwaka 1971, Ford ya Uingereza ilipita njia ingine: ilichukua bodi ya Transit na kuivalisha shasi ya gari ya mashindano, GT40, ambayo tayari ilijengwa na moteri katikati.

Sasa hii inatuhusu nini sisi? Hapa kwetu ni wachache watakaohamisha moteri, lakini kila siku tunahamisha uzito. Chukua ile gari yetu ya mita 2,5. Pakia magunia matano ya kilo 60, na yote yaning'inie mita moja nyuma ya magurudumu ya nyuma. Yale magunia yanaondoa kilo 120 kwenye magurudumu ya mbele. Kwenye kilima pua inakuwa nyepesi zaidi. Unakata kona, gari inaendelea moja kwa moja.

Kwa hiyo shofere, mzigo mzito uuweke karibu na kabini, mwepesi ndio ukae mkiani. Na ukisikia volani imekuwa nyepesi kuliko kawaida, usifurahi. Simama, panga mzigo upya. Golden alipoinua pua, barabara ilikuwa tupu mbele yake. Yetu iko na watoto wanatoka masomo.