Myahudi Asiye na Dini: Je, Inawezekana?

Katika masomo ya tafsiri, wanafunzi wetu hukwama wanapokutana na Myahudi anayesema kwamba haamini Mungu. Wengi hudhani mwandishi anajipinga, kwani kwao Uyahudi ni dini tu, kama Uislamu au Ukristo. Isitoshe, katika Kiswahili cha kila siku, kusema mtu "hana dini" ni kumtukana: maana yake hana huruma wala haya. Mfasiri asipoangalia, atamtukana mtu ambaye matini inamsifu.

Kwanza, tukumbuke kwamba neno Myahudi hutaja dini na pia hutaja watu wenye nasaba na historia moja. Kwa sheria ya dini yao, aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi hata akiacha kusali. Huko Ulaya, wengi waliacha kwenda sinagogi bila kuacha lugha, nyimbo na sikukuu zao. Mwaka 1908, mkutano uliofanyika Czernowitz ulitangaza Kiyidishi kuwa lugha mojawapo ya taifa la Wayahudi. Hapo kilichowaunganisha watu kilikuwa lugha.

Mwaka 1963, rabi Sherwin Wine na familia chache walianzisha jumuiya yao karibu na Detroit, Marekani. Waliondoa Mungu katika maneno ya ibada, wakabaki na sikukuu. Pasaka huadhimishwa kama kumbukumbu ya kutafuta uhuru. Kijana anayefikia umri wa utu uzima, badala ya kusoma Torati, huweza kufanya utafiti juu ya mtu mashuhuri wa Kiyahudi na kuueleza mbele ya jumuiya. Wine alifariki mwaka 2007, lakini jumuiya za aina hiyo zingali zipo.

Je, maadili yao yanatoka wapi? Wao hujibu kwamba wema hupimwa kwa matokeo yake kwa binadamu, na kwamba binadamu mwenyewe ndiye mwenye dhamana. Kwa sababu hiyo wanatetea usawa wa wanawake na wanaume, wanakubali ndoa kati ya Wayahudi na wasio Wayahudi, na wanataka serikali itenganishwe na dini. Vilevile humpokea kama Myahudi yeyote anayejitambulisha kwa dhati na historia, utamaduni na hatima ya Wayahudi. Wayahudi wengi wa dini wanapinga jambo hilo, wakiuliza: bila Mungu na sheria yake, ni kitu gani kitakachowadumisha?

Suala hili si la maneno matupu. Nchini Israeli, jibu la "nani Myahudi" hugusa haki ya kuhamia huko na kupata uraia. Mwaka 1962, mahakama kuu ilimkatalia haki hiyo Oswald Rufeisen, mtawa Mkatoliki aliyezaliwa na wazazi Wayahudi. Yaani, Myahudi asiyeamini lolote hubaki Myahudi, lakini aliyeingia dini nyingine alionekana amejitoa.

Nasi hapa Uganda tunao mfano ulio kinyume. Abayudaya wa karibu na Mbale, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, waliingia Uyahudi kwa imani na matendo, si kwa nasaba. Wafuasi wa Wine wanashikilia watu na kuacha imani. Abayudaya walianza na imani, wakajiunga na watu.

Hivyo basi, tunapendekeza wanafunzi waandike "Myahudi asiyefuata dini" badala ya "asiye na dini". Kwa fikra za Wine, "Uyahudi wa utu" unafaa, kwani wahenga walisema mtu ni utu. Aidha, wasisahau kwamba "Kiyahudi" si jina la lugha: zipo Kiebrania, Kiyidishi na nyinginezo. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: katika lugha yako ya kwanza, je, kuna neno la kumtaja mtu asiyeamini Mungu lisilokuwa tusi?